Salamu Iliyokata Posho

Nyie vijana mnaonipitia hapa asubuhi mkienda ofisini kwa Wabelgiji, mmoja kamshika mkono baba yake aliyevunjika mguu kwenye kazi ya barabara, mwingine kamwongoza shangazi yake asiyeona, nimewatazama vya kutosha. Mnakwenda mmejikunja, mnarudi mmenyamaza. Nikiuliza, "Mmepewa posho?" mnajibu, "Wamesema hapana." Nikiuliza, "Kwa nini?" mnanikodolea macho kama nimemtukana mtu. Hamkuuliza! Mliogopa. Haya, kaeni hapa kwenye mkeka. Woga mimi naujua kuliko ninyi. Nilifanya nao kazi miaka yote ya Mdachi, yule Mjerumani, nikala nao, nikalala nao, na mpaka leo nikisikia viatu vya misumari kwenye changarawe nageuka kutafuta pa kujificha.

Nilikuwa mpima posho. Kazi yenyewe hamuijui, maana siku hizi wana mizani ya chuma, inapanda na kushuka yenyewe, na aliye nyuma yake hana haja hata ya kumtazama mtu usoni. Sisi tulipima kwa kibaba, na kibaba kinataka mkono na macho. Mdachi alikuwa amefungua kambi ya wagonjwa wa malale hapa karibu na Rumonge, juu kidogo ya ziwa, baada ya kufyeka vichaka vyote vya ufukoni ili mbung'o wakose pa kukaa. Watu waliondolewa kando ya maji, toka huku mpaka njia ya Nyanza, mashamba ya muhogo yakabaki nyuma bila wenyewe. Basi aliyekuwa kambini alikula cha serikali: unga wa muhogo, maharagwe, ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, na chumvi kidogo. Mimi nilisimama dirishani kwenye ghala na kumpa kila mtu chake. Na kwa kuwa nilijua Kirundi cha mama yangu na Kiswahili cha baba yangu, nilikuwa mkalimani pia. Mshahara mmoja, kazi mbili, na kiboko cha zote mbili.

Aliyenifundisha alikuwa mzee Feruzi, Mmanyema aliyekulia Ujiji, mfupi, mkali, hana meno ya mbele, lakini akicheka kambi nzima inacheka. Siku yangu ya kwanza nilitaka kuonyesha huruma. Kila aliyekuja nilimshindilia unga kwenye kibaba kwa kiganja, nasukuma, naongeza, nasukuma tena. Wagonjwa wakaniombea dua. Kabla foleni haijafika nusu, gunia likawa tupu. Weee! Waliobaki walinizomea, askari akanishika shati, na mzee Feruzi akaja mbio akiniambia, "Wewe Kheri, umewalisha wa mbele kwa midomo ya wa nyuma! Huruma gani hiyo?" Akanifundisha palepale. Unga haushindiliwi, unamiminwa. Maharagwe yanatikiswa mara moja, basi. Ukimimina unga upe upepo wa ziwa mgongo, la sivyo nusu ya posho itakwenda kulisha samaki. Na kibaba cha mgonjwa ni cha tele, chenye kichwa juu, si cha mfuto kinachokatwa kwa kijiti, hata askari akikukazia macho.

Kwa sababu askari walitukazia macho, msidanganyike. Walitaka kile kichwa cha juu kibaki ghalani wakigawane. Mzee Feruzi alikuwa na dawa yao. Akimwona askari anasogea dirishani, anaanza kupaza sauti, "Kibaba cha tele, kama alivyosema Daktari! Kibaba cha tele!" Foleni nzima inasikia, na askari anajifanya amekuja kuwasha kiko. Alikuwa akiniambia kwamba mtu akishajua chake ni kipi, mwizi anapata shida. Nami ndiyo maana nawapigia kelele hivi. Jueni chenu ni kipi kabla hamjafika dirishani.

Sasa, nani alikuwa na haki ya posho? Hili lilisemwa mbele ya watu wote, barazani, na Daktari wa kwanza, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na mimi ndiye niliyelitia kwenye Kirundi. Alisema mgonjwa atakula mpaka apone. Na aliyepona malale lakini sindano ikamwacha kilema, huyo ataendelea kula, kwa sababu serikali ndiyo iliyompiga sindano. Hakusema ni sadaka. Nakumbuka watu walivyotazamana.

Maana ile sindano, jamani! Ilikuwa inawaokoa wengine, siwezi kukataa. Mtu aliyekuwa akilala na kijiko mdomoni aliamka akauliza shamba lake liko wapi. Lakini wengine, siku chache baadaye, waliniambia dirishani, "Kheri, mbona leo kuna ukungu?" Na hakukuwa na ukungu, jua lilikuwa linawaka mpaka milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Mimi niliposikia neno "ukungu" niliweka kibaba chini. Nilijua kinachofuata. Ukungu unaongezeka, unakuwa moshi, halafu mtu ananyoosha mkono kutafuta dirisha lililo mbele ya pua yake. Kila mtu kambini aliliogopa lile neno. Kulikuwa na akina mama waliowapiga watoto makofi kwa kulitamka.

Mama Nyamwiza alilitamka msimu wa mvua. Alikuwa mjane wa mvuvi wa Magara, mwanamke mrefu, anatembea wima, na mdomo wake mtamu sana. Malale yalikuwa yameshamchukua binti yake na mkwe wake, wakamwachia wajukuu wawili wadogo. Yeye alipona. Tezi za shingo zikaisha, usingizi ukaisha, na macho yakaisha. Posho yake ndiyo iliyowalisha wale watoto. Shamba hakuwa nalo tena, mume hakuwa naye, na hata angekuwa na jembe, angelima wapi mtu asiyeona mpaka wa shamba? Ikikatwa posho, wale watoto walikuwa hawana mtu mwingine. Hilo liwekeni kichwani, kwa sababu yote nitakayosema yanatoka hapo.

Lakini msidhani alikuja dirishani akilia. Thubutu! Mnajua desturi yetu huku. Mtu anayepita bila kusalimu ni mtu wa namna gani? Ni mwizi, au mchawi, au ana neno nawe moyoni. Mama Nyamwiza alikuwa amelelewa hivyo, na kupofuka kwake hakukumpunguzia adabu. Alichofanya ni kujifunza miguu. Alijua kila mtu kwa hatua zake. Mzee Feruzi aliburuta mguu wa kushoto. Mimi nilivaa kandambili za ngozi zilizopigapiga. Muuza mawese alinuka mawese. Kabla hujafungua kinywa, yeye ameshageuza uso kwako, amepiga makofi mawili matatu ya heshima, amekunja goti. "Amahoro, Kheri. Watoto iko wazima?" Mgeni akimwona asingejua. Sisi tulikuwa tukimtania, "Mama, wewe unatuona, unatudanganya tu!" Naye anacheka, "Nawaona kwa masikio, macho mulinipokonya." Tukacheka wote. Loo, tulilicheka jambo ambalo baadaye lingetutoa machozi.

Daktari wa kwanza akaondoka. Akaja Bwana mwingine, si daktari huyu, ni askari mzungu, mwembamba, ndevu nyekundu, kiko mdomoni asubuhi mpaka jioni. Chakula kilikuwa kimepungua ghalani, na yeye alikuja na neno moja tu: wavivu watoke. Akatangaza kwamba kila anayekula posho ya ukilema atapita mbele yake akaguliwe. Hapo ndipo nilipoona woga wa kweli. Foleni ile iliyokuwa na porojo na matusi ya mzaha ikawa kimya kama watu wanangoja maiti itoke ndani. Kila viatu vyake viliposikika, krap, krap, krap kwenye changarawe, watu walishika vibuyu vyao kifuani. Mimi kibaba kilikuwa kinanigongagonga kwenye ukingo wa gunia, nikajifanya natikisa maharagwe.

Na sasa sikilizeni kosa letu, kosa la watu wa pwani hii, wala msicheke. Mtu wetu akiambiwa anakwenda mbele ya mkubwa, anafanya nini? Anaoga. Anajipaka mawese ngozi ing'ae. Anaazima nguo. Aliye na fimbo anaiacha nje, kwa sababu kuegemea fimbo mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Akiulizwa "Hujambo?" anajibu "Sijambo, Bwana," hata kama kidonda kinamla mpaka mfupa. Basi siku ya ukaguzi walikuja vilema wa Rumonge wameng'ara kama wanakwenda harusini! Mlemavu wa nyonga kasimama wima bila fimbo, jasho linamtiririka, anauma meno. Bwana anamtazama juu mpaka chini: "Huyu mzima. Toka." Na yeye anashukuru! "Murakoze, Bwana." Mzee Feruzi aliniminya mkono akanong'ona, "Adabu itatuua leo."

Zamu ya Mama Nyamwiza ikafika. Alikuwa amekaa kwenye gogo, kitambaa kipya kichwani. Akasikia krap, krap, krap. Kabla Bwana hajasema lolote, mama akasimama, akageuza uso sawasawa mpaka ukaelekea ndevu zile nyekundu, akapiga makofi ya heshima, akakunja goti. "Yambo, Bwana Mukubwa. Karibu."

Bwana akasimama. Akamtazama. Akasogea hatua moja kulia, na mama, kwa adabu yake yote, akamfuata kwa uso. Akasogea kushoto, uso ukamfuata.

"Huyu anaona," Bwana akasema. "Mwongo. Asipewe tena."

Mzee Feruzi ndiye aliyesema, "Bwana, ni masikio yake..." Askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki akaanguka juu ya magunia. Mama Nyamwiza alikuwa bado amekunja goti, anatabasamu, anangoja Bwana aitikie salamu. Hakuelewa. Nilipomtafsiria, tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni likiwa halina kazi, halafu akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Kwa sababu nimemwamukia?" akaniuliza. "Kheri, kwa sababu nimemwamukia?"

Tulimlisha kwa kudokoadokoa. Mimi posho yangu mwenyewe niligawa, na mzee Feruzi ya kwake. Lakini chakula cha wawili hakitoshi wengi, na wale wajukuu wakaanza kuwa na ule uso wa kizee ambao watoto wenye njaa wanakuwa nao. Mdogo aliacha kucheza. Mama akaniambia, "Nipeleke kwenye shauri."

Nikamwambia usithubutu. Shauri lilikuwa siku ya Bwana kusikiliza madai ya watu, chini ya bendera, mbele ya watu wote. Ilikuwa haki ya kila mtu kusimama pale, hilo nalo lilishatangazwa. Lakini aliyerudisha neno ambalo Bwana amekwisha kulikata, na akaonekana mwongo, alilazwa kifudifudi akapigwa hamsa wa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mwanamke hakupigwa mbele ya watu, walisema. Wengine walisema alipigwa mkalimani wake badala yake. Mama Nyamwiza alinisikiliza mpaka mwisho. "Kheri," akasema, "njaa inanipiga kila siku, wala haina desturi ya kuhesabu. Wewe unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Hata mimi. Twende tukaogope pamoja."

Mzee Feruzi alinipa maneno machache usiku wa kuamkia siku ile, na haya mkayachukue ninyi mkiwasemea wazee wenu ofisini. Sema alichosema yeye, chote, usipunguze kwa kuogopa wala usiongeze kwa huruma. Uliza sababu ya kukatwa, na isemwe mbele ya watu. Kumbusha ahadi iliyotolewa na ilitolewa na nani. Na usimwache akajibu "sijambo" peke yake; ajibu salamu, halafu aseme, "lakini sioni." Salamu ni salamu, hali ni hali. Mgonjwa haulizwi uji, alisema, lakini kwa hawa Wazungu mgonjwa asipoomba uji husemwa ameshiba.

Tukaenda. Jua lilikuwa utosini. Watu wengi. Nikauliza sababu, sauti ikatoka kama ya mbuzi. Bwana akasema, "Ananiona. Alinisalimu kabla sijasema." Nikataja ahadi ya Daktari. Akasema ahadi ni ya vipofu, na huyu si kipofu. Nikamtafsiria mama. Akaweka mikono mapajani. Halafu akasema kwa Kirundi, polepole, na mimi kila neno lilivyokuja nilizidi kutamani ardhi ipasuke.

"Mwambie hivi. Watu wote wa Rumonge wenye macho wanamwogopa. Hakuna hata mmoja anayethubutu kumwacha apite bila kumwamkia, maana atachapwa. Basi na avue viatu, apite mbele yangu. Kama nina macho, nitaogopa kama wengine."

Avue viatu! Mzungu, chini ya bendera yake! Nikamtazama mzee Feruzi. Akatikisa kichwa taratibu, maana yake sema. Nikasema. Nikasema lote, na viatu nikavitaja.

Bwana akatoa kiko mdomoni. Ndevu zikatetemeka, nami nikajua nimekwisha, nikaanza shahada moyoni. Kumbe anacheka. Lilikuwa cheko fupi, baya, halikufika machoni. Akakaa kwenye kiti, akanyoosha miguu, askari akaivuta ile buti moja, kisha ya pili. Jamani, nawaambieni, chini ya buti zile kulikuwa na miguu kama yetu, myeupe tu, na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Funza! Bwana Mkubwa alikuwa na funza! Siku nyingine Rumonge nzima ingeugua mbavu kwa kicheko. Siku ile hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Bwana akaweka kidole mdomoni kutuonya wote, akachukua kiboko, akaanza kutembea juu ya mchanga wa moto akiinua miguu kama kuku kwenye matope.

Alipita nyuma ya mama. Mama anatazama ziwani, ambako hakuna alichokitazama. Akapita kulia. Mama akajikuna kiwiko. Akaja mbele, akasimama karibu hata mimi ningemgusa, akauinua mkono. Kiboko kikawa juu ya uso wa mama Nyamwiza. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka nimwambie inama! Lakini neno langu moja lingemnyang'anya posho milele, na kunyamaza kwangu kungempasua uso. Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu.

Kiboko kikashuka. Kilishuka kwa nguvu, vuu, kikasimama upana wa kidole mbele ya macho yake. Upepo wake ukampiga. Mama akapunga mkono mbele ya uso wake, akidhani ni mbung'o.

"Kheri," akaniita, "mbona huyu Bwana hajaja? Jua linaniunguza."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti. Bwana aliteremsha mkono. Alisimama pale na miguu yake mitupu muda mrefu, uso umemwiva, sijui kwa jua au kwa nini. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Apewe." Akavaa viatu, na alipokwisha kuvaa akawa yule yule. Akasema atamkagua kila mwezi, na siku atakaposikia kwamba huyu mwanamke amemsalimu mtu kabla hajaambiwa ni nani, atakata posho yake na mkalimani atalazwa chini. Nikatafsiri hilo nalo, lote.

Tulirudi ghalani. Nilimpimia maharagwe kibaba cha tele, na kwa haraka yangu mengine yakamwagika. Aliyaokota yaliyomwagika kwa vidole, punje kwa punje, halafu akanivuta sikio.

"Nilijua yupo," akaninong'oneza. "Ile tumbaku yake, Kheri! Ilifika kabla yake. Nilijua alipopita nyuma, nilijua aliposimama mbele. Goti lilikuwa linataka kujikunja lenyewe. Nimekaa namna hii, mutu mukubwa amesimama mbele yangu, na mimi sikumwamukia. Mama yangu angenilaani."

"Na kiboko?" nikamuuliza.

"Kiboko gani?"

Nikamfungia posho yake. Yeye sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia mtu wa ukoo wake.

Basi aliishi, na wale watoto waliishi. Mmoja mnamjua, anauza ndagala sokoni. Posho ilikuwa haki yake na aliipata, na kama asingesimama kwenye shauri asingeipata. Hilo ndilo nililowaitia hapa. Nendeni mkaulize sababu. Wasemeeni wazee wenu neno zima. Lakini kuna lingine, na nisipolisema nitakuwa nimewapimia kibaba cha mfuto. Mama Nyamwiza aliacha kusalimu. Aliogopa kila mguu uliopita, maana hakujua mguu upi utampelekea Bwana habari. Alipita njiani na mkono begani kwa mjukuu, uso umeelekea chini, na watu wasiojua wakasema ameota kiburi tangu alipomshinda Mzungu. Wengine vilema wakamwiga. Aliyeweza kusimama wima aliacha kusimama, hata nyumbani kwake, hata mlango umefungwa. Mimi nilimwamkia kila asubuhi kutoka dirishani. Hakuitikia hata siku moja. Nilikuwa namwelewa, na bado iliniuma kama msumari.

Vita ikaja, Mdachi akaondoka kusini na askari wake, Wabelgiji wakaingia. Kambi ikabaki tupu, milango inagongagonga. Nikafunga ghala nikaenda moja kwa moja kwake, nimevaa zile kandambili zangu zinazopigapiga. Alikuwa amekaa mlangoni anapepeta maharagwe. Nikamwambia, "Mama, wamekwenda. Bwana amekwenda. Hakuna mtu wa kukukagua tena."

Akaacha kupepeta. Akainua kichwa kidogo, akavuta hewa puani taratibu, akaigeuza shingo huku na huku akisikiliza.

"Uko peke yako?" akauliza.

"Niko peke yangu, mama."

"Una hakika?"

"Wallahi, peke yangu."

Akasogeza ungo kando. Akaiteremsha sauti mpaka ikawa chini kuliko mawimbi.

"Basi, amahoro, Kheri," akasema. "Watoto iko wazima?"